Ngonjera ya Kupe

Miaka ile sabuni ilipopotea madukani, nilikuwa nafundisha Siasa darasa la sita katika shule moja ya msingi ya Babati mjini. Nilikuwa nafua nguo za wanangu kwa majani ya mpapai, kisha asubuhi naingia darasani kuwaeleza watoto wa wenzangu kwamba nchi inasonga mbele. Watoto wenyewe walikuwa wamekuja shule bila kunywa chai, maana sukari nayo ilishapotea. Waliniangalia kwa adabu. Mtoto wa Kitanzania alijua mapema kumsikiliza mtu mzima anayedanganya bila kumwonyesha kuwa amemgundua.

Somo tulilolipenda wote lilikuwa la Makaburu. Lile halikuhitaji kudanganya. Niliwaeleza kwamba kule kusini kuna watu wanaopima binadamu kwa ngozi na nywele, na wakishampima wanamwambia aketi wapi na apite mlango upi. Watoto walichukia kweli. Binti yangu, aliyekuwa darasani humo humo, siku moja alikunja uso akauliza Makaburu wanawezaje kulala usingizi. Aliyekaa naye dawati moja aliitikia kwa kichwa. Huyo alikuwa binti wa Mhindi wa duka la vitambaa, Mhindi pekee aliyebaki shuleni kwetu. Wahindi wengine waliishapeleka watoto wao Arusha. Hawa wawili walikuwa wakigawana rula, kifutio na siri, na wakitaka mimi nisiwaelewe walisemezana Kigorowa, lugha ya wenyeji wa Babati, ingawa nilikuwa nakielewa vizuri tu.

Basi katika hali hiyo akaja katibu wa chama wa kata yetu. Ni mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, mnene katika wakati ambao watu wote walikuwa wamekonda, na aliongea na kila mtu kama yuko jukwaani. Hata akikuomba maji ya kunywa, alikuomba kwa niaba ya wakulima na wafanyakazi. Alituambia ofisini kwamba msako wa wahujumu uchumi unakuja Babati, kwamba patakuwa na mkutano mkubwa kiwanja cha mpira, na kwamba shule yetu itatoa ngonjera kuhusu kupe.

"Kupe wa ng'ombe?" akauliza mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mwoga wa kuzaliwa.

"Kupe wa uchumi," akasema katibu. "Hawa Wahindi. Walikuja hapa na mabegi matupu, leo wamelala juu ya sabuni zenu. Watu wa kuja hawa hawana uchungu na nchi."

Kisha akanigeukia, maana nilikuwa mwalimu wa somo. Akanitazama usoni muda mrefu kuliko ilivyo heshima.

"Wewe ni Mmbulu, Mwalimu?"

"Ndiyo, ndugu katibu."

"Nilijua. Ile pua." Akacheka. "Na nyinyi si wenyeji kamili. Mlitoka Uhabeshi huko. Lakini nyinyi tumewasamehe."

Walimu wenzangu wakacheka pamoja naye. Hata Wambulu wenzangu wawili walicheka, na pua zao vile vile. Nilimuuliza wazee wake yeye walitoka wapi.

"Sisi ni Wabantu," akasema. "Sisi ndio wenyewe."

Kitabu cha historia cha darasa la tano kilikuwa mezani mbele yake, na kinaeleza kwa ramani yenye mishale kwamba Wabantu walikuja kutoka pande za Kongo na zaidi ya huko. Nilikisogeza kidogo upande wake. Aliweka kofia yake juu ya kitabu.

Nilitoka pale nikiwa nimemdharau kwa namna ya kutulia, kama unavyomdharau mtu ambaye hukutegemea kitu kwake. Lakini nisidanganye kwamba dharau yangu iliishia kwake. Wiki hiyo hiyo mgambo walikuwa sokoni wakiwafukuza wafugaji wa Kibarbaig waliokuja mnadani wamevaa shuka badala ya suruali, ati wanaaibisha taifa. Walimfukuza mzee wa umri wa baba yangu kwa fimbo ya kuchungia mbuzi. Na nani waliokuwa wakicheka pembeni? Watu wa kwetu, Wambulu na Wagorowa, Wakristo wa Jumapili, watu waliokuwa wamevaa suruali zenye viraka makalioni. Kila mtu Babati alikuwa na mtu wa kumtazama kutoka juu. Sabuni haikuwepo, mafuta ya taa hayakuwepo, lakini hiyo bidhaa haikupungua.

Nyumbani nilimkuta binti yangu ananisubiri. Habari zilikuwa zimeshafika.

"Mama, ngonjera itamtukana rafiki yangu?"

"Itasema habari za kupe."

"Wenzetu wanasema kupe ni baba yake. Sasa Makaburu ni akina nani? Ni sisi?"

Nilimwambia akachote maji. Alichukua ndoo akaenda, na alivyoondoka niliona mgongoni mwake kwamba hakuridhika.

Kesho yake baada ya masomo nilikwenda dukani kwa yule Mhindi. Nilitaka kumwambia, kama mzazi kwa mzazi, kwamba siku ya mkutano amzuie mtoto nyumbani, aseme ana malaria. Yule bwana alizaliwa chumba cha nyuma cha duka lile lile. Alijua Kigorowa kuliko watoto wa Wagorowa wenyewe, na alijua ni nani kafiwa Sigino na ni nani kaoa Mutuka. Rafu zake zilikuwa tupu, zina vifungo na nyuzi tu, na fundi cherehani wake pale barazani alikuwa anashona viraka juu ya viraka.

Alinikaribisha kwa heshima. Akaagiza chai. Ililetwa chai ya maziwa, tamu, na nilijiuliza mara moja hiyo sukari imetoka wapi. Yangu ilikuja katika kikombe cha bati kilichokuwa kimetundikwa msumarini kando ya mlango. Yake ilikuja katika kikombe cha udongo mweupe chenye maua. Nilikuwa nakijua kikombe kile. Binti yangu aliishawahi kunywea humo, akarudi nyumbani akaniuliza mbona rafiki yake hanywei cha bati. Kilikuwa kikombe cha Waafrika. Fundi cherehani alikinywea, wapagazi walikinywea, mwalimu wa mtoto wake naye akapewa hicho hicho. Sikukigusa.

Nilimweleza yanayokuja. Alisikiliza akikunja na kukunjua kipande cha kitambaa.

"Mtoto ataimba, Mwalimu," akasema. "Asipoimba wataniuliza kwa nini hakuimba. Akiumwa watauliza anaumwa nini."

"Atasimama mbele ya watu kukutukana wewe."

"Nimetukanwa na wakubwa. Na mtoto wangu atanifanya nini?" Kisha akashusha sauti, akasogea. "Hawa Waafrika wakipata cheo kidogo, wanakuwa wazimu. Sikusemi wewe. Nyinyi Wambulu ni watu wengine. Tazama pua yako. Tazama nywele. Babu zenu na babu zetu wanaweza kuwa majirani kabisa."

Alikuwa ananisifu. Uso wake ulikuwa mwema kabisa alipokuwa anasema hivyo, kama mtu anayekupa kitu cha thamani kutoka ndani. Na mimi nilikaa pale mbele ya kikombe cha bati, pua yangu imeshapimwa mara mbili katika siku mbili, na mmoja na mwingine. Yule wa kwanza aliikuta si ya Kiafrika vya kutosha akanisamehe. Huyu wa pili aliikuta hivyo hivyo akanipongeza. Nilimuaga nikaondoka. Chai niliiacha inapoa, ingawa nilikuwa sijaonja sukari tangu kipupwe.

Usiniulize kwa nini bado niliamua nilivyoamua. Sikumpenda yule bwana. Lakini alikuwa na mtoto, na mtoto yule alikuwa mwanafunzi wangu.

Niliandika ngonjera mwenyewe. Baba wa wanangu alikuwa bwana mifugo, na kupe alikuwa anawajua. Miaka ile josho lilikuwa halina dawa, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, na dawa ya josho ilijulikana inauzwa wapi na kwa idhini ya nani. Alikuwa akirudi nyumbani jioni na hasira. Nilimuuliza kupe anachagua ng'ombe kwa rangi? Akasema kupe hata haoni vizuri, anafuata joto la damu. Hapo nikapata mistari yangu. Beti nyingi zilikuwa za kawaida, za kupiga makofi. Mistari miwili ilikuwa hivi:

Kupe hachagui ng'ombe, hukaa ngozi ilipo,
Wapo kupe wa dukani, ofisini pia wapo.

Mstari wa kwanza nilimpa binti wa Mhindi. Wa pili nilimpa binti yangu. Sikuwa na haki ya kuuweka mstari ule kinywani mwa mtoto wa mtu mwingine. Baba wa wanangu alipousoma alinirudishia karatasi.

"Kupe umewaeleza vizuri," akasema. "Lakini hawa wa ofisini wanauma wakishikwa."

"Nifute?"

"Sikusema ufute."

Mwalimu mkuu hakuusoma. Aliona kichwa cha habari, aliona neno kupe, akaridhika.

Siku ya mkutano kiwanja kilijaa. Watu walikuja hata kutoka Bonga na Sigino, wengine kwa miguu, kwa sababu iliishasemwa kwamba baada ya hotuba kutakuwa na sabuni. Mkubwa wa wilaya alikaa kwenye kiti chenye mto. Katibu wetu alihutubia mpaka kivuli cha goli kikahama. Alisema Wahindi ni kupe. Alisema Makaburu wa kusini na kupe wa hapa ni ndugu wa baba mmoja. Watu walipiga makofi bila nguvu, macho yao yakitafuta lori la sabuni.

Kisha watoto wangu wakapanda. Binti wa Mhindi alivaa sare iliyopauka kama ya wenzake, nywele zake zimesukwa mkia mmoja mgongoni. Alipojitokeza mbele, vijana fulani waliguna na mmoja akapiga mluzi. Aliweka mikono nyuma kama nilivyowafundisha, akasema mstari wake kwa sauti safi. Katibu akaanza kupiga makofi peke yake, amefurahi kweli, kwa sababu alisikia kupe na akamwona Mhindi.

Binti yangu akasogea akasimama bega kwa bega na mwenzake, jambo ambalo sikulipanga, akasema mstari wake.

Halafu mzee mmoja wa Sigino aliyekaa chini mbele kabisa akacheka, kicheko cha mtu aliyekamuliwa kwa muda mrefu, na nyuma yake kiwanja kizima kikafuata. Walicheka mpaka wengine wakashikilia mbavu. Katibu alikuwa bado anapiga makofi. Mkubwa wa wilaya alimwinamia akamnong'oneza neno, na ile mikono ikasimama hewani.

Msako ulifanyika mchana ule ule. Laiti ningeweza kusema kwamba yule Mhindi hakukutwa na kitu. Alikutwa. Chini ya vitanda na ndani ya kihenge kulikuwa na maboksi ya sabuni, khanga za jozi, sukari. Wanangu walikuwa wanakwenda shule wakinuka majani ya mpapai, na binti yake akinuka hivyo hivyo kwa sababu baba yake alimkataza kuoga kwa sabuni, watu wasije wakahisi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mali yenyewe. Alipakizwa kwenye Landrover pamoja na bidhaa zake. Alipopita mbele yangu aliangalia pembeni.

Bidhaa zilisemwa zitauzwa duka la ushirika kwa wananchi wote. Tulipanga foleni tangu alfajiri. Walimu tulipewa mche mmoja wa sabuni tukate vipande. Sukari ilikwisha kabla haijafika kaunta. Khanga hakuna aliyeziona, mpaka Pasaka, mke wa katibu na dada zake walipoingia kanisani wamevaa sare, khanga mpya za aina moja, wakakaa benchi la mbele. Mchungaji alihubiri juu ya ufufuo. Nami nilikuwa nimeketi nyuma yao nikiweza kusoma jina la khanga pale mgongoni, na sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Mimi niliitwa ofisini siku mbili baada ya mkutano. Katibu alikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alisimama dirishani kama amekuja kuangalia mvua.

"Nani aliandika ule upuuzi?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Muhtasari wa somo, ndugu katibu. Unasema tupinge unyonyaji wa kila namna."

"Kupe wa ofisini ni nani?"

"Mimi sina ofisi," nikasema. "Labda wewe ungenisaidia kuwajua."

Mwalimu mkuu alikohoa. Katibu alinitazama, na safari hii hakuangalia pua. Kabla muhula haujaisha nilipata uhamisho kwenda shule ya kijiji, mbele ya Bonga, njia ya Dodoma. Shule ile ilikuwa na madarasa bila milango na ubao uliokuwa mweupe kuliko chaki. Basi zilikuwa haba kwa sababu ya dizeli, na nilifika huko nimekaa juu ya magunia ya mahindi na wanangu na kuku wetu. Sikulia. Nilikuwa nimeona wanaobaki mjini wanavyobaki.

Binti wa Mhindi alipelekwa Arusha kwa shangazi yake mara baba yake alipokamatwa. Hawakuagana na binti yangu. Mama yake alikuja kumchukua shuleni katikati ya somo la hesabu, na mwanangu alirudi nyumbani na rula ya mwenzake ambayo hakupata nafasi ya kuirudisha. Yule bwana mwenyewe alikaa mahabusu Arusha miezi kadhaa, akarudi amekonda, ndevu zimeota mvi. Hakuna aliyetangaziwa kosa lake ni nini wala ameachiwa kwa nini. Alifungua duka tena akaendelea kuuza vifungo.

Miaka ikapita, siasa ikageuka. Tukaambiwa biashara ni ruhusa, mitumba ikajaa, sabuni ikarudi ya kila rangi, na watu waliosema wafanyabiashara ni kupe wakaanza kuwaita wawekezaji bila kubadilisha hata sauti. Siku moja niliteremka Babati kununua chaki, nikaona jengo jipya karibu na stendi, la ghorofa moja, limepakwa rangi ya kijani. Nikauliza la nani. Muuza karanga alinitajia wawili: yule Mhindi wa vitambaa na yule katibu, aliyekuwa ameishaacha ukatibu na kuwa mzee wa mji. Mmoja ana mtaji, mwingine ana vibali.

Niliwaona wote wawili barazani siku hiyo. Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanakunywa soda kutoka chupa zinazofanana. Katibu aliniita kwa furaha.

"Mwalimu, shikamoo zako hatuzisikii siku hizi. Karibu. Huyu bwana ni ndugu yangu sasa, ndugu kabisa."

"Ndugu kabisa," akasema Mhindi.

Walicheka pamoja. Niliwatazama, na nikaona kwamba hawanidanganyi. Walipendana kweli. Hakuna kati yao aliyekuwa amebadilisha fikra yake juu ya watu wa aina ya mwenzake. Mmoja bado alikuwa akiwaita wale watu wa kuja, na mwingine bado alikuwa na kikombe chake mahali fulani. Walikuwa wamegundua tu kwamba dharau haizuii biashara. Niliwaambia nina haraka.

Mwaka huo binti yangu alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano sekondari ya mbali, na tulikwenda Arusha kutafuta kitambaa cha sketi. Tuliingia duka moja kubwa la vitambaa. Mama wa Kihindi aliyekaa kwenye kiti cha fedha alituonyesha kwa kidole tusimame upande ule, tusishike shike. Msichana aliyekuwa akikata kitambaa kaunta akainua uso, akaacha mkasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa ameshakuwa mtu mzima, na macho yake yana wanja. Binti yangu alimtambua kabla yangu. Yule mama akasema jambo kwa lugha yao, kwa ukali, na msichana akamjibu kwa Kiswahili ili nasi tusikie.

"Huyu ni mwalimu wangu, shangazi."

Akatoka nyuma ya kaunta, akachukua kigoda cha shangazi yake mwenyewe alichokuwa anaegemeza miguu, akanifutia kwa upindo wa nguo yake, akaniketisha. Kisha akageuka kwa mwanangu, wakashikana mikono, na wakaongea Kigorowa haraka haraka kama watu wanaoogopa mlango utafungwa. Nilimsikia akiuliza anasoma kidato cha ngapi. Mwanangu alimjibu, naye akautazama mkasi wake pale kaunta.

"Mimi waliniachisha shule," akasema. "Naolewa Nairobi mwezi ujao. Baba ameshapanga."

"Na unamjua?" mwanangu akauliza.

"Nimeona picha."

Alitupimia kitambaa, akaongeza kipande bila kumtazama shangazi yake, akafunga kwa gazeti. Alitusindikiza mpaka mlangoni tu. Basi ilipita njia panda ya Makuyuni, vumbi limetujaa midomoni. Hapo ndipo mwanangu aliponiuliza, kama baba wa mwenzake alikuwa na pesa za jengo la ghorofa, pesa za shule zilikosekana vipi.

Nilimwambia hazikukosekana. Akageukia dirishani akakaa hivyo mpaka Babati.